Stendi ya Mkono Mmoja

Watu wengi wa mji ule wanatafuna kwa kazi ya mikono yake, na hawamjui. Wagonjwa hupokelewa chumba cha mbele na daktari wa meno, penye kiti cha kulalia na taa kubwa. Yeye hukaa chumba cha nyuma, na kinachomfikia ni plasta tu: nakala nyeupe ya taya la mtu, juu na chini, ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni na namba. Juu ya plasta hiyo hujenga ufizi wa nta, hupanga meno moja moja kwa kikoleo, halafu nta huondolewa na plastiki ya waridi huchukua nafasi yake. Wenzake zahanatini humwita Fundi Taya. Jina lilianza kama utani wa mhasibu, likazoeleka, na sasa hata daktari mkuu hulitumia kwenye simu.

Ni mwanamke mwembamba, mpole, anayekaribia umri wa kustaafu. Hakuolewa. Anaishi ghorofa ya tatu na wifi yake, mke wa marehemu kaka yake, mwenye duka la kutoa kopi mtaa wa pili. Wawili hao waliingia nyumba moja baada ya mazishi, kwa makubaliano kwamba ingekuwa ya muda, na muda wenyewe haujaisha mpaka leo. Wifi ni mtu wa maneno. Fundi Taya ni mtu wa kusikiliza, akijibu pale tu jibu linapohitajika. Majirani huamini kwamba wanagombana kila siku. Kwa kweli anayegomba ni mmoja.

Darubini aliinunua kwa daktari mmoja aliyekuwa anahama, aliyekuwa akiuza vyombo vyake vyote kuanzia friji hadi mapazia. Ilikuwa ndogo, bomba lake urefu wa mkono, na ilikuja na stendi yake: nguzo ya chuma juu ya miguu mitatu ya mbao, nzito kama kitanda cha mtoto. Katika nyumba yao madirisha yote yanatazama ukuta wa jengo la jirani, na mlango wa kwenda juu ya paa ulifungwa kwa kufuli siku nyingi. Kwa hiyo kila jioni yenye anga safi alishuka uani. Alishuka mara mbili. Safari ya kwanza alipeleka stendi, akaiacha karibu na kibanda cha mlinzi. Safari ya pili akaleta darubini. Alitazama kwa saa moja au pungufu, akarudi kwa utaratibu uleule. Aliishi hivyo miaka kadhaa, na mtu angemuuliza anatafuta nini huko juu angesema hatafuti kitu.

Halafu akaanguka. Alikuwa kwenye ngazi za mwisho, amekumbatia nguzo kwa mikono miwili, na kisigino kikateleza. Stendi ilibingirika mpaka mlangoni na kuvunjika mguu mmoja. Yeye alivunjika nyonga. Alipotoka hospitali alitembea kwa chuma cha kuegemea, kisha kwa fimbo, kisha bila kitu, na mtaalamu wa mazoezi alimpa sharti moja la maisha: popote penye ngazi, mkono mmoja ushike chuma cha ngazi. Siku zote.

Wifi alilichukua sharti lile kama sheria aliyoitunga mwenyewe.

"Mimi mume nimeshazika," alisema jioni moja, akipanga karatasi za dukani mezani. "Na wewe nikikuzika, nitagombana na nani?"

"Sitabeba tena kwa mikono miwili."

"Utabeba kwa nini, kwa meno? Meno unayo mengi, hilo nakubali."

Wifi aliendelea kwamba mwalimu mkuu wa shule ya jirani, ambaye huleta mitihani kutolewa kopi, ameulizia ile darubini. Shule ina ua mkubwa, haina ngazi. Watoto watafaidi. Kitu kikikaa kwenye kona kinakula vumbi tu.

"Nitatafuta stendi nyepesi," alisema Fundi Taya.

"Si umwombe mlinzi akubebee? Au wale vijana wa chini, wanashinda wamekaa tu."

Hilo ndilo lilikuwa gumu kwake, na wifi alilijua. Fundi Taya angeweza kumwomba jirani amletee dawa, au ampokelee mgeni. Kumwomba mtu apande na kushuka ngazi kila jioni kwa ajili ya starehe yake mwenyewe, kisha amweleze starehe hiyo ni nini, kisha ajisikie vibaya anga likiwa na mawingu na mtu amekuja bure, hapana. Ingekuwa hivyo, bora shule ichukue.

Wakapatana. Atafute stendi. Siku shule zitakapofunguliwa, kama hawezi kushuka na kupanda na vyombo vyote kwa safari moja, mkono mmoja kwenye chuma, wifi akishuhudia, darubini inakwenda kwa mwalimu mkuu. Wifi alitaka wapeane mkono, wakapeana.

Duka la kamera lilikuwa jembamba kama korido. Mbele kulikuwa na kabati la kioo, nyuma pazia jeupe la kupigia picha za pasipoti. Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kalamu sikioni, aliyezoea wateja wanaokuja kushika vitu na kuondoka. Fundi Taya aliingia na mkoba mgongoni, akatoa taulo, na ndani ya taulo akatoa bomba la darubini.

"Dada, hii unataka kuuza?"

"Nataka stendi. Niibebe kwa mgongo au mkono mmoja."

"Nyepesi ninayo. Hii hapa, ufagio ni mzito zaidi."

Ilikuwa stendi ya kamera, ya kawaida, miguu ya kukunja. Fundi Taya aliiweka juu ya kioo cha kabati ikiwa imekunjwa vilevile, akafunga bomba juu yake, akalielekeza nje ya mlango kwenye kibao cha duka la dawa ng'ambo ya barabara. Alipochungulia, herufi zilisimama kubwa. Akagonga bomba kwa ukucha mara moja, taratibu, kama anavyogonga meno mapya aliyoyatengeneza kusikia kama yamekaa. Herufi zikaanza kucheza. Zilicheza muda mrefu kupita kiasi. Alipolegeza skrubu ili kuinua bomba juu kidogo, kichwa cha stendi kikainama chote mbele, kama mtu anayesinzia mkutanoni.

"Hii hapana."

"Umeigonga wewe," alisema muuzaji. "Usiigonge."

"Upepo utaigonga."

Muuzaji alichukua kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha. Kisha akaingia nyuma ya pazia na kutoka na sanduku. Ndani mlikuwa na stendi ya darubini hasa, ndogo, imetumika, yenye mhimili uliopinda na fimbo ya chuma iliyobeba uzito wa mviringo upande wa pili ili kusawazisha bomba. Ilikuwa nzuri kutazama. Muuzaji alieleza alivyosoma kwenye karatasi yake: mhimili ukiuelekeza kaskazini, ukauinua kulingana na mahali ulipo duniani, basi unazungusha kitasa kimoja tu na nyota haikutoroki.

Fundi Taya alipenda wazo la kitasa kimoja. Aliuliza kwa hapa mhimili uinuliwe kiasi gani. Walisoma karatasi pamoja, vichwa vyao vimekaribiana juu ya kioo. Kwa nchi za baridi, mbali huko juu, mhimili hutazama angani. Kwa nchi kama hii, iliyo karibu na katikati ya dunia, unatakiwa kulala, karibu sambamba na ardhi. Akalegeza komeo, akaulaza. Mhimili ulishuka hadi mahali fulani ukagoma. Akausukuma kwa dole gumba, ukashuka kidogo zaidi, na alipouzungusha, ule uzito wa mviringo ukagonga mguu wa stendi: ko.

Akajaribu upande mwingine. Ko.

"Waliotengeneza hii hawakutufikiria," alisema muuzaji.

"Hawakutufikiria."

"Ungeweza kuhama. Huko juu ni baridi, lakini stendi ingefanya kazi."

Fundi Taya alicheka, na alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja, jambo ambalo huwashangaza wanaojua kazi yake. Kisha akapima uzito ule wa mviringo mkononi, akatikisa kichwa. Hata kama ungezunguka vizuri, ulikuwa ni mzigo wa kubeba kwa sababu tu ya kubeba mzigo mwingine.

Ya tatu hakuonyeshwa. Aliiona mwenyewe chini ya kabati, ikiwa imewekewa bei ya kitu kisichouzika. Ilikuwa mkono mmoja tu wa chuma chepesi, mkubwa kama kiatu, uliokaa juu ya miguu mitatu myembamba myeusi. Bomba lilifungwa ubavuni mwa mkono huo, si juu yake. Stendi hii ilikuwa na mwendo wa aina mbili: kulia na kushoto, juu na chini. Haikuwa na uzito wa kusawazisha wala cha kuelekeza kaskazini. Aliiweka juu ya kioo, miguu ikiwa imekunjwa. Akaelekeza kwenye kibao. Akagonga. Herufi zikatetemeka kidogo, zikatulia.

Akagonga tena. Zikatulia.

"Na hii inafuata nyota?" aliuliza muuzaji, kana kwamba yeye ndiye mteja.

"Naifuata mimi, kwa vidole."

"Tabu hiyo."

"Kazi yangu yote ni hiyo."

Alilipa, akaifunga stendi ubavuni mwa mkoba kwa mikanda, akavaa mkoba, akasimama mbele ya kioo cha picha za pasipoti akiwa na mikono yote miwili mitupu. Muuzaji akamwambia anaonekana kama mtu anayekwenda jeshini.

Jioni ile ile anga lilikuwa safi. Wifi alifunga duka mapema, jambo ambalo hakulieleza. Walitoka pamoja mlangoni, Fundi Taya mbele, mkoba mgongoni, mkono wa kulia kwenye chuma cha ngazi na wa kushoto hauna kitu. Wifi alifuata nyuma akiwa ameshika tochi ambayo haikuhitajika, kwa kuwa taa za ngazi zilikuwa zinawaka.

"Polepole. Mguu wa kushoto. Sio huo."

"Huu ndio wa kushoto, wifi."

"Basi endelea."

Walifika chini. Fundi Taya alisimama, akageuka, akamtazama wifi yake.

"Usiniangalie hivyo," alisema wifi. "Kushuka hata gunia linashuka. Nataka kuona kupanda." Akarudi juu, akikokota kandambili zake, na sauti ya kandambili ilisikika mpaka ghorofa ya tatu.

Uani kulikuwa na tenki la maji juu ya msingi wa zege, kibanda cha mlinzi, na kamba za nguo. Upande wa mashariki, juu ya ukuta, sayari ya Mshtarii ilikuwa imeshapanda, nyeupe, haimetameti. Ndiyo saa aliyoipenda kuitazama. Ikifika katikati ya anga, nyuma ya bomba hugonga miguu ya stendi na shingo huuma. Alifungua mikanda, akavuta miguu ya stendi yote mpaka mwisho ili aweze kutazama akiwa amesimama, maana nyonga yake haikupenda kuinama. Akafunga bomba. Akalielekeza. Akachungulia.

Mshtarii ilikuwa inaruka kama mdudu kwenye taa.

Alisubiri itulie. Ilipotulia alisogeza kidogo kwa vidole, ikaanza upya. Alibana pumzi. Alikaza skrubu zote. Upepo mdogo ulipita kwenye kamba za nguo na sayari ikachora mstari, ikarudi, ikachora mwingine. Aliondoa jicho akaitazama ile miguu mitatu myeusi, mirefu na myembamba kama ya nzige, na akaelewa alichofanya. Dukani aliijaribu ikiwa imekunjwa, juu ya kioo, jinsi anavyojaribu meno juu ya plasta. Na wanagenzi wote waliopita mikononi mwake amewaambia jambo moja kwa miaka: juu ya plasta kila kitu hukaa, nenda kaulize mdomoni. Mdomoni ndipo hapa uani, na hakuwa ameuliza.

Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki inayofuata. Angeweza kuirudisha stendi, lakini dukani hakukuwa na ya nne. Angeweza kupanda juu, kushinda patano lao, na kubaki na darubini isiyoonyesha kitu, wifi asingejua. Lakini alichotaka hakikuwa kushinda ngazi.

Akaanza kurudisha miguu ndani, kipande kwa kipande. Kila alipokunja kipande aligonga bomba kwa ukucha na kuchungulia. Stendi ilipokuwa imekunjwa yote, kimo chake hakikufika kiunoni, mtetemo ulikuwa umerudi kuwa ule wa dukani. Ikawa imara, lakini fupi. Kupiga magoti asingeweza. Aliangalia huku na huku, akaona ukingo wa msingi wa tenki, zege la kimo cha kigoda, na akajishusha juu yake kwa hatua, kwanza kiganja, kisha upande mmoja, kisha mwingine. Maji yaliyovuja yalimlowesha gauni. Akavuta stendi karibu na magoti yake.

Sasa Mshtarii ilisimama. Ilikuwa duara dogo lenye rangi ya karatasi iliyokaa juani, na katikati yake ukanda hafifu wa rangi ya udongo. Pembeni, kwenye mstari mmoja, vitone vinne: vitatu upande huu, kimoja ng'ambo. Hakuwa ameviona tangu aanguke. Alisogeza bomba kwa ncha ya kidole, vikatetemeka, vikatulia. Akasogeza tena. Hakuna aliyemwona, na yeye hakufanya chochote kingine kwa muda mrefu.

Alipotaka kuinuka, nyonga ilikataa.

Alijaribu kujisukuma kwa kiganja. Alijaribu kushika stendi, na stendi, kwa kuwa ni nyepesi, ikamfuata. Ile ya zamani ya chuma ingemhimili mtu mzima. Hii aliivuta, ikaja pajani kama paka. Alijaribu mara ya tatu, akakaa. Taa ya kibanda cha mlinzi ilikuwa inawaka na redio ilikuwa inasema kwa sauti ndogo. Alifungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena.

"Samahani, kaka."

Redio ilizimwa. Mlinzi alitoka, mtu mpana mwenye koti kubwa. "Mama, kuna nini? Umepoteza kitu?"

"Nimekaa. Sasa siwezi kusimama."

"Ah, hiyo tu?" Alimpa mkono, akamwinua kwa urahisi, akamwacha ashike ukuta wa tenki mpaka miguu ikubali. Hakucheka. Aliitazama darubini. "Na hiki ndicho kile ulichoanguka nacho?"

"Stendi yake ndiyo niliyoanguka nayo. Hii ni nyingine." Akasita. "Unataka kuona?"

Mlinzi aliinama, mikono nyuma kama mtu anayenusa chungu kisicho chake. Akasema, "Kuna kitu kama kidonge. Na hivi vitone pembeni?"

"Miezi yake."

"Yote hiyo?" Aliinua kichwa akatazama juu kwa macho matupu, akainama tena. "Sisi mmoja tu umetutosha. Mwenzetu huyu ana tamaa."

Kisha akarudi kwenye redio yake. Alijitolea kumbebea mkoba, Fundi Taya akamshukuru akasema hapana. Alikunja, akafunga mikanda, akavaa mkoba, akashika chuma cha ngazi.

Kupanda kulikuwa kurefu. Mkoba haukuwa mzito, lakini ulimvuta nyuma kila alipoinua mguu mbovu, na kwenye kila kona ya ngazi alipumzika. Hakuachia chuma. Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu alisikia mlango ukifunguliwa juu, na akajua wifi amesimama pale anahesabu pumzi zake.

"Mbona umechelewa?" aliuliza wifi alipotokeza.

"Nilikaa kwenye msingi wa tenki. Nikashindwa kuinuka. Mlinzi akanishika mkono."

Angeweza kunyamaza. Lakini mlinzi yule kesho asubuhi angelisimulia lote, pamoja na miezi minne.

Wifi alimtazama kuanzia gauni lililolowa mpaka viatu. "Na ngazi?"

"Ngazi nimepanda mwenyewe."

"Vyote umebeba? Hujaacha kitu chini?"

"Vyote."

"Lete mkono."

Fundi Taya alinyoosha mkono wa kulia. Kiganja chote kilikuwa na kutu nyekundu ya chuma cha ngazi, kuanzia kidole kidogo mpaka gumba. Wifi alikishika, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango, akakisugua kwa dole lake kama anayekagua noti.

"Tulipatana ngazi," alisema mwishowe. "Kuinuka hatukupatana."

"Hatukupatana."

"Umenishinda kwa ujanja wa mawakili, lakini umenishinda." Akaachia mkono. "Na mwalimu mkuu nimwambie nini? Mwenzio nimeshamwahidi."

"Mwambie bado inatumika."

"Inatumika, na mwenye kuitumia anainuliwa na mlinzi." Wifi alipisha mlangoni. "Ingia, uvue hilo gauni. Na huo mkoba usiuburuze, sakafu nimepiga deki."

Fundi Taya aliingia, mkoba ukiwa bado mgongoni, akaupitisha kwa uangalifu kwenye fremu ya mlango.